Kumnyoa Molasi

Machi 2, Jumapili

Barafu usiku kucha. Umeme hakuna. Tawi kubwa la ule mti wa miiba limeangukia ua wa farasi wetu Molasi, ua umelala chini. Molasi kavuka, yuko upande wa pili katikati ya matawi anatafuna nyasi zilizokufa, hana habari. Nimemrudisha kwa kumwonyesha ndoo. Nimefunga ua kwa waya. Tawi nitalikata pakikauka.

Mke wangu Neva alikuwa anaandika hali ya hewa kila siku kwenye kalenda ya duka la chakula cha mifugo. Mwaka huu wamenipa nyingine. Vyumba vyake vidogo, mkono wangu mkubwa. Nimenunua daftari.

Leo: barafu.

Machi 5

Kazini. Mbao za mapipa, kupanga, kupanga. Mgongo.

Machi 9, Jumapili

Twyla kaja. Huyu ni mdogo wake Neva. Hakubisha hodi, hajawahi. Kafungua jokofu kwanza.

"Shemeji, unakula nini humu?"

"Maharage."

"Na jana?"

"Maharage."

"Utakufa na tumbo kama ngoma."

Halafu kaenda uani kumwona Molasi. Molasi ni farasi wa wale wadogo, mgongo wake haufiki kiunoni kwangu. Neva mwenyewe alimzalisha mama yake, huyu ni wa mwisho kuzaliwa hapa. Wengine wote waliuzwa Neva alipougua. Huyu hakuuzwa. Rangi yake ni ile ya molasi ikimwagwa polepole, ndiyo jina. Sasa hivi ana manyoya ya baridi, zulia lenye miguu minne.

Twyla akasema, "Nimeshamwandikisha."

"Wapi?"

"Maonyesho ya Juni. Wewe ndiye utamshika kamba."

"Mimi sijui mambo hayo. Yalikuwa ya Neva."

"Ulikuwa unabeba ndoo miaka yote hiyo. Ulikuwa umefumba macho?"

Akaanza habari ya kunyoa. Mtu asiyefuga farasi hawa hajui, lakini kwenye maonyesho huwezi kumpeleka na manyoya. Unamnyoa mwili mzima kwa mashine. Visu vina namba. Namba ikiwa kubwa, kisu kinapita karibu zaidi na ngozi. Kumi inabakiza manyoya mafupi kama ya panya. Thelathini inabakiza kivuli tu.

Twyla anasema thelathini. "Mwamuzi haji kuangalia zulia. Anataka kuona shingo, anataka kuona mfupa."

Nikasema kumi inatosha, mnyama atapigwa na baridi.

"Nani kasema tunamnyoa leo, we mzee? Tunasubiri baridi ya beri ipite."

Hapo ana haki. Huku kila baridi inayorudi wakati wa masika ina jina la ua linalochanua siku hizo. Kuna ya yale maua ya zambarau, kuna ya maua meupe, ya mwisho ni ya beri nyeusi za porini. Kabla hiyo haijapita huvui kitu.

Kaondoka na bakuli langu zuri. Bwana, mwanamke huyu anachosha.

Machi 12

Tawi nimelikata, nimelichoma. Limenichoma na mimi, glovu zimetoboka. Miiba mirefu kama misumari ya paa.

Machi 16, Jumapili

Manyoya yameanza kutoka. Nimechukua kitana cha chuma nikamchana Molasi. Yanatoka mafungu, ndege wanakuja kuyaokota. Nilikuwa nafurahi kidogo.

Halafu mkono ukakuta kitu. Kifuani, karibu na mguu wa mbele. Uvimbe. Mgumu. Kama yai la kware. Kwa macho huoni kitu, manyoya yamefunika. Lazima uguse.

Ni upande wa kushoto.

Sikula.

Machi 17

Upo.

Machi 19

Upo. Mvua.

Machi 23, Jumapili

Wacha niandike, hakuna anayesoma.

Neva naye ulianzia kushoto, titini. Aliujua tangu majira ya baridi. Alikuwa na sweta moja kubwa la kijani, alilivaa Desemba, Januari, Februari, mpaka Mei watu wanatembea vifua wazi yeye bado kavaa. Nikamuuliza, "Husikii joto?" Akasema, "Nasikia baridi mimi." Nikaamini, kwa nini nisiamini? Juni akalivua mbele ya daktari. Oktoba tukazika.

Sasa huyu.

Nikimnyoa kwa kisu kumi, hautaonekana. Nimepima kwa vidole. Manyoya yatakayobaki yataufunika. Nikimnyoa kwa thelathini, utasimama hapo kifuani kila mtu auone. Na mimi niuone.

Kwa hiyo kumi.

Machi 30

Baridi ya maua ya zambarau. Maji ya ndoo yameganda juu. Molasi hajali. Anakula vizuri.

Neva naye alikuwa anakula vizuri.

Aprili 8

Hollis ndiye tunayepanga naye mbao. Anajua habari ya maonyesho, Twyla kamwambia mkewe kanisani. Kutwa nzima ananitania.

"Orval, unanyoa farasi au unamchuna?"

"Panga mbao."

"Ukimaliza naye pita kwangu unifanyie ndevu. Namba ngapi ya ndevu?"

Wakati wa chakula nikamuuliza kama kwa bahati tu, "Yule mbwa wako alikuwa na uvimbe, si ndiyo?"

"Ndiyo, shingoni."

"Ikawaje?"

"Akafa."

Akaendelea kutafuna mkate wake. Baadaye kidogo akasema, "Lakini aligongwa na lori." Hollis ni mtu wa namna hiyo.

Aprili 13

Upo. Naona umekua, au ni kidole changu.

Aprili 20, Pasaka

Twyla kaja na paja la nguruwe na viazi. Nilimwona tangu barabarani, nikakimbia kumtupia Molasi blanketi na kulifunga mikanda. Jua kali, mnyama anatoka jasho.

Twyla kamwangalia, kaniangalia mimi.

"Hii nini?"

"Baridi."

"Baridi iko wapi? Mimi nimevaa kandambili."

"Usiku."

"Sasa ni usiku?" Akanyoosha mkono kwenye mkanda. Nikasimama katikati.

"Muache, shemeji."

"Unanificha nini, Orval?"

"Sikufichi kitu. Kila ukija unashika vitu. Jokofu unashika, bakuli unachukua. Huyu muache."

Uso wake ukabadilika. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilidhani atanitukana, nilikuwa tayari. Akaweka funguo za gari mkononi akasema polepole, "Haya. Nyama iko mezani. Ifunike, kuna nzi."

Kaondoka bila kula. Nyama nzuri. Nimeifunika.

Aprili 21

Upo.

Aprili 27

Tufani. King'ora cha mjini kimelia, nikakaa kwenye handaki la mboga na Molasi. Ndiyo, nilimshusha ngazi. Ukiwa na farasi wa kimo hiki unaweza. Kakojoa kwenye viazi.

Mei 3

Twyla hajaja wiki mbili. Nyumba kimya. Sikujua kwamba nitaliona hilo.

Mei 6

Beri zimechanua kote kandokando ya barabara, nyeupe. Baridi yake bado haijaja. Hollis anasema mwaka huu haitakuja. Hollis alisema pia tufani haitakuja.

Umekua. Sasa si kidole changu. Leo nilipougusa Molasi kanirudishia masikio nyuma, anaumia.

Mei 10, Jumamosi

Siku ndefu. Naandika yote.

Asubuhi joto. Nikasema beri au si beri, namnyoa leo kwa kisu kumi, namaliza, naacha kufikiri. Nikamwosha kwanza, maana vumbi linaua kisu. Nikamkausha. Nikaitoa mashine ya Neva, nikafunga kumi, nikaanza matakoni.

Kunyoa unakwenda kinyume cha nywele, kuelekea mbele, mstari juu ya mstari. Mimi mkono wangu ni wa mbao. Mistari ilitoka kama shamba lililolimwa na mlevi. Matako, mgongo, mbavu. Na chini ya manyoya Molasi si molasi tena. Ni rangi ya kijivu, ya panya. Neva aliwahi kunieleza kwamba rangi ya juu iko nchani mwa unywele, ukikata inapotea mpaka uote tena. Lakini kuona ni kitu kingine.

Nikafika begani. Mbele yake ni kifua. Mkono ukakataa. Mashine inalia, mimi nimesimama, farasi nusu panya nusu dubu ananiangalia.

Sikusikia gari. Nimesikia tu mtu anacheka nyuma yangu.

"Yesu wangu. Orval, umemfanya nini mtoto wa watu?"

Twyla. Kacheka mpaka kashika ua. Halafu kaniona uso, akaacha. Akazima mashine mwenyewe.

"Shemeji, kuna nini?"

Nikachukua mkono wake, nikauweka pale kifuani kwa Molasi.

Akagusa pembeni, akagusa katikati.

"Tangu lini?"

"Machi."

"Machi! Na ulikuwa unamfunika blanketi? Na kumi yako hii, kumi, kumi, ni kwa ajili ya hii?"

"Ikiwa ni ile, nitafanya nini? Utafanya nini wewe?"

Hapo akanipigia kelele, majirani wangekuwa karibu wangesikia. "Nimezika dada yangu kwa sababu ya sweta, Orval! Sweta! Nilikuwa nalisifia! Nilikuwa namwambia linakupendeza! Siziki farasi kwa sababu ya manyoya! Toa hicho kisu."

Nikatoa kumi. Akafunga thelathini mwenyewe. Mimi nikamshika Molasi kichwa, nikamwekea paji la uso tumboni kwangu asione. Yeye akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya mjini.

Nikasikia kisu kinakata. Sikuangalia.

"Orval, angalia."

"Sitaki."

"Angalia, mjinga wewe."

Nikaangalia. Ngozi tupu, ya kijivu. Uvimbe umesimama, mwekundu kidogo. Katikati kabisa palikuwa na kitone cheusi. Kidogo kama kichwa cha pini. Kwenye manyoya usingekiona, hata kwa kisu kumi usingekiona.

Hatukujua ni nini. Lakini Neva hakuwa na kitone.

Twyla akampigia daktari wa mifugo. Yuko kwenye ng'ombe anayezaa, atakuja kesho baada ya kanisa. Twyla kalala hapa, kwenye kochi. Kapika. Si maharage.

Mei 11, Jumapili

Daktari Loomis kaja, mama mwenye viatu vya mpira hadi magotini. Kamwangalia Molasi kwanza nyuma, halafu mbele.

"Nani kamnyoa?"

"Mimi."

"Umekunywa?"

"Hapana."

"Basi huna kisingizio."

Akagusa uvimbe. Akabonyeza pembeni, usaha kidogo ukatoka kwenye kile kitone. Akaninusisha. "Hii harufu nzuri," akasema. Ilikuwa mbaya sana. Akasema ni nzuri kwa sababu uvimbe ule mwingine, ule ninaoufikiria, haunuki hivi. Sikuwa nimemwambia nafikiria nini. Twyla ndiye kamwambia, pale getini.

Akachoma sindano ya ganzi. Akapasua kidogo. Akaingiza koleo jembamba, akavuta. Kitu kikaanza kutoka. Kikaendelea kutoka. Molasi anatafuna nyasi.

Mwiba. Ule wa mti wa miiba. Mzima, mweusi, mrefu kuliko kidole changu cha kati. Uliingia na ukakatikia ndani, nyama ikaufunga kama inavyofunga risasi. Barafu ya Machi, tawi, ua umelala. Na mimi nilimrudisha kwa ndoo nikaona yamekwisha.

"Ndiyo hii tu?" nikauliza.

"Ulitaka nini kingine?" Daktari akasema. "Muoshe kila siku, dawa hii wiki moja. Juni utampeleka kwenye maonyesho yako. Na tafadhali, mnyooshee hiyo mistari."

Nilikaa kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Twyla akacheka mpaka akalia, au alianza kulia ndipo akacheka, sijui. Mimi sijui nilifanya nini. Suruali ililowa yote.

Mwiba nimeuosha. Uko dirishani kwenye gilasi.

Mei 12

Nimelala kama gogo. Nimechelewa kazini. Hollis kasema, "Nani kafa?" Nikasema, "Hakuna." Nikarudia, "Hakuna mtu."

Mei 15

Imekuja. Baridi ya beri. Upepo wa kaskazini, mvua inayochoma. Na farasi wangu kanyolewa nusu.

Blanketi lina mkanda unaopita pale pale kwenye kidonda. Haliwezekani. Nikazunguka nyumba nzima. Nikafungua kabati la Neva. Sijalifungua tangu Oktoba.

Sweta la kijani. Miguu ya mbele kwenye mikono, nikakunja mara mbili. Vifungo mgongoni. Shingo ni pana, kidonda kiko wazi kinapata hewa. Limemtosha kama alipimwa.

Twyla kaja jioni na dawa. Nilidhani atakasirika. Kasimama mlangoni mwa zizi.

"Linampendeza," akasema.

"Ndiyo."

"Kesho asubuhi jua likitoka, livue."

"Nitalivua."

Mei 16

Nimelivua.

Mei 18

Kidonda kinafunga.

Mei 24, Jumamosi

Joto. Twyla kaja na mashine yake ili tummalize Molasi. Zimebaki wiki mbili za manyoya kukaa sawa.

Sasa sikia. Yeye ndiye kasema kumi.

"Kumi itaficha kovu kidogo. Mwamuzi akiona kovu kifuani, tumekwisha. Tumwachie manyoya pale."

Nikasema, "Thelathini."

"Kovu litaonekana, Orval."

"Lionekane."

"Atakuwa wa mwisho."

"Awe wa mwisho. Thelathini, mwili mzima. Nataka kuona yote."

Akaniangalia. Hakubishana. Twyla! Akafunga kisu, akanifundisha kuvuta ngozi kwa mkono wa kushoto ili mashine isiruke. Tukaenda pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule. Mistari yote imekwisha. Molasi kawa mwembamba, shingo ndefu, kichwa kidogo, mishipa inaonekana. Sikujua kwamba yupo farasi wa namna hii chini ya lile zulia. Nikampapasa kila mahali, tumbo, kinena, chini ya taya. Hakuna kitu. Nikampapasa upande wa pili.

Twyla akanitazama nikifanya hivyo. Akasema, "Mimi sijaenda kupimwa, unajua. Tangu Neva. Wananiandikia, natupa barua."

Niliendelea kumpapasa farasi. Halafu nikasema, "Nitakupeleka."

"Nani kakwambia nataka?"

"Alhamisi. Nitaomba ruhusa kazini."

Mei 25, Jumapili

Siku ya kupamba makaburi. Watu wote makaburini na reki na maua, halafu chakula kwenye meza ndefu chini ya mialoni. Twyla kanirudishia bakuli langu, limejaa kuku. Nilifyeka kwa Neva, nikaweka maua. Sikuwa na maneno mengi hata alipokuwa hai. Nikamwambia, "Ule wa Molasi ulikuwa mwiba." Basi.

Mei 29

Nimempeleka. Nimesubiri garini. Kaingia anatukana, katoka, kafunga mkanda, kasema twende. Wanasema majibu wiki ijayo.

Juni 2

Kazi. Twyla kapiga simu mara tatu kuuliza kama Molasi ananyweshwa.

Juni 5

Twyla kapiga asubuhi, mimi bado na soksi moja.

"Safi," akasema.

"Safi?"

"Safi, Orval! Unataka niimbe?"

Nikavaa soksi ya pili. Nikaivua, ilikuwa kwenye mguu uleule wa kwanza.

Juni 7, Jumamosi

Maonyesho. Hollis na mkewe wamekuja, kaleta kiti cha kukunja na anapiga kelele kila nikipita, "Kinyozi! Kinyozi!"

Watano kwenye kundi letu. Wengine wanang'aa, weusi, wekundu, wamepakwa mafuta. Molasi ana rangi ya panya, bado rangi haijarudi. Kovu liko pale kama kitufe. Mimi nimevaa shati jeupe, limenibana shingoni.

Mwamuzi mzee, kofia ya nyasi. Kampita kila mmoja. Alipofika kwetu kasimama. Kapitisha mkono kifuani kwa Molasi, kalikuta kovu.

"Hii nini?"

"Mwiba."

"Umetoka wote?"

"Wote. Uko dirishani kwangu."

Kacheka kidogo. Kapapasa tena. "Umemnyoa karibu sana."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa kovu hili wengi wangeacha manyoya."

"Najua."

Akaandika. Wa nne kati ya watano. Utepe mweupe.

Twyla aliuchukua utepe kama wa kwanza, akaufunga kwenye hatamu, akazunguka nao uwanja mzima akimwambia kila mtu hakuwa wa mwisho. Hollis akasema yule wa tano alikuwa kipofu. Si kweli, Hollis anasema tu.

Njiani kurudi Molasi kalala nyuma ya gari juu ya majani. Twyla kalala mbele, mdomo wazi. Niliendesha polepole.

Juni 9

Mvua nzuri. Beri zimeanza kuiva.

Juni 15, Jumapili

Rangi inarudi. Ukimtazama juani unaona weusi unaanza migongoni mwa masikio, halafu begani. Baada ya mwezi atakuwa molasi tena.

Twyla atakuja mchana kuchuma beri. Nimenunua siagi ili aoke pai, atasema ni siagi mbaya.

Asubuhi nimempapasa Molasi kifuani. Hakuna kitu. Nimempapasa tena, kwa raha tu.